Ski nyepesi za kupandia milima: namna ya kuchagua, kupima na kufunga

Ski ya kupandia mlima ina kazi mbili zinazovutana. Asubuhi hukokotwa kwenda juu kwa saa nne au tano. Mchana inatakiwa ikushushe salama juu ya theluji ambayo hakuna mashine iliyoisawazisha. Kila gramu unayoiondoa husaidia kazi ya kwanza, lakini ukivuka kiwango fulani unaanza kuiharibu ya pili. Hapo ndipo wanunuzi wapya hukosea: husoma uzito kwenye lebo ya duka, huchukua nyepesi kuliko zote, kisha wakiwa juu ya mteremko ulioganda hugundua kwamba ski inatetemeka na haishiki.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kuteleza kwenye njia za vituo vyenye lifti na sasa anataka kupanda kwa miguu yake. Mfano wetu utakuwa Gran Paradiso, mlima wa Italia wenye urefu wa mita 4,061, ambao watu huupanda kwa ski kati ya Machi na Mei wakianzia kibanda cha Vittorio Emanuele II, mita 2,732. Safari hiyo hupima kila sehemu ya ski. Alfajiri theluji ni ngumu kama saruji, katikati kuna barafu ya kudumu, juu kuna upepo, na mchana wakati wa kushuka uso wa theluji huwa umelainika kwa jua. Ski inayofaa hapo itafaa pia njia ya Chamonix (Ufaransa) hadi Zermatt (Uswisi) na sehemu kubwa ya milima ya Alps wakati wa masika.

Uzito unakuumiza wapi

Kutoka kibandani hadi kileleni kuna kama mita 1,330 za kupanda. Njia ya ski haiendi wima, hukata kona. Tuseme mwinuko wake wa wastani ni mita moja juu kwa kila mita nne mbele. Hiyo ni zaidi ya kilomita tano. Ukipiga hatua ya sentimita 70, utapiga hatua kama 7,600, yaani 3,800 kwa kila mguu. Ski iliyozidi kwa gramu 300 itakufanya usogeze zaidi ya tani moja ya ziada kwa mguu mmoja kabla ya kufika juu. Uzito ulio mguuni huchosha mara kadhaa kuliko uzito huohuo ukiwa mgongoni, kwa sababu mguu huanza kwenda na kusimama upya kila hatua.

Kwa hiyo usipime ski peke yake. Pima kila kinachoning'inia mguuni: ski, kifungio kinachoshika kiatu, breki au kamba ya kuizuia ski isikimbie, ngozi ya kupandia (utepe wa manyoya unaobandikwa chini ya ski ili isirudi nyuma), na kiatu. Seti nzuri ya mlima mrefu inaweza kuwa hivi kwa mguu mmoja: ski gramu 1,150, kifungio 300, ngozi 200, kiatu 1,200. Jumla ni gramu 2,850. Seti ya mtu anayependa zaidi kushuka, yenye ski ya gramu 1,700, kifungio cha 550, ngozi ya 280 na kiatu cha 1,500, hufika gramu 4,030. Tofauti ni zaidi ya kilo moja kila mguu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye ski. Anayehangaika kupunguza gramu 80 za ski huku kifungio chake kina gramu 250 zisizo na kazi amekaba mahali pasipo pake.

Kuna vitu ambavyo havipunguzwi ili mizani ifurahi: redio ya kutafutana kwenye maporomoko ya theluji, inayotumia masafa ya kilohezi 457, koleo lenye bamba la alumini, na ufito wa kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, wenye urefu wa angalau sentimita 240. Koleo la plastiki hupinda na kuvunjika kwenye theluji iliyoporomoka, kwa sababu theluji hiyo ikishasimama hukaza kama udongo uliopigwa shindilio.

Amua ski itafanya kazi gani

Ski za kupandia zimegawanyika katika koo nne, na mipaka kati yake si ukuta. Uzito ufuatao ni wa ski moja, si jozi.

Ski za mashindano huwa na gramu 700 hadi 850 na upana wa kiunoni, yaani pale kiatu kinapokaa, wa milimita 65 hivi. Kanuni za kimataifa hutaka zisipungue sentimita 160 kwa wanaume na 150 kwa wanawake, na wanamashindano wengi hawaongezi hata sentimita moja. Hizi ndizo zilizoonekana Bormio mwezi wa Februari 2026, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ni vyombo vya ajabu miguuni mwa mtu aliyezizoea. Kwa mtu mwenye begi la kilo kumi kwenye ganda la theluji linalovunjika, ni mateso.

Ukoo wa pili ni ski nyepesi za mlima: gramu 900 hadi 1,200, kiuno cha milimita 78 hadi 88. Ukoo wa tatu ni ski za safari za kawaida, gramu 1,200 hadi 1,500, kiuno cha 85 hadi 95. Ukoo wa nne ni ski za theluji ya unga, gramu 1,500 na kuendelea, kiuno cha 95 hadi 110.

Kwa Gran Paradiso na safari za vibanda, jibu liko kwenye mpaka wa ukoo wa pili na wa tatu: gramu 1,050 hadi 1,300, kiuno cha 80 hadi 88. Ukishuka chini ya gramu 1,000 unalipa pesa nyingi zaidi kwa ski inayodai ustadi mkubwa zaidi. Anayepanda katikati ya majira ya baridi Norwe ya kaskazini au Utah, penye unga mwingi, aongeze kiuno hadi 95 na akubali gramu 200 za ziada.

Kiatu kwanza

Ushauri huu huwakera wauzaji, lakini ndio unaookoa fedha: nunua kiatu kabla ya ski. Kiatu ndicho kinachogusa mwili, na ndicho kinachoamua ski ya upana gani unaweza kuitawala. Ili ski pana isimame kwenye ukingo wake juu ya theluji ngumu, nguvu lazima ipite kwenye kifundo, na kiatu laini huinywa nguvu hiyo. Kiatu cha gramu 700 huendana na ski ya milimita 65 hadi 75. Kiatu cha gramu 1,000 hadi 1,250 chenye klipu mbili hutawala vizuri kiuno cha hadi 88. Ukitaka 95 na zaidi, tafuta kiatu cha gramu 1,300 kwenda juu. Kanuni rahisi ya dukani ni kwamba uzito wa ski usipishane sana na uzito wa kiatu. Ski ya gramu 1,600 chini ya kiatu cha gramu 1,000 itakuburuta inakotaka yenyewe.

Hakikisha pia kiatu kina vishimo vya chuma vya pini, viwili mbele kwenye pande za pua na kimoja nyuma ya kisigino. Vifungio vyote vyepesi hutegemea hivyo.

Upana, urefu na umbo

Kiuno chembamba hushika barafu kwa urahisi, kwa sababu ukingo uko karibu na mstari wa katikati ya mguu na goti halilazimiki kupambana na mkono mrefu wa nguvu. Tofauti hiyo huisikia zaidi wakati wa kupanda kuliko kushuka. Ukikata mteremko ulioganda alfajiri, ski ya milimita 100 huchosha vifundo ndani ya nusu saa, na ngozi zake pana ni nzito pia.

Urefu: chukua kimo chako, toa sentimita 5 hadi 10. Mtu wa sentimita 175 aangalie ski za 165 hadi 170. Kwa makorongo membamba na kupanda ski zikiwa zimefungwa begini, toa hadi 15. Kwa unga, karibia kimo chako. Lakini kimo ni nusu ya hesabu. Uzito wa mwili pamoja na begi ndio unaokunja ski. Mwanamke wa kilo 55 na mwanamume wa kilo 85 wenye kimo kimoja hawafai kuuziwa ski ileile. Yule wa kwanza ataona ngumu kama ubao, wa pili ataona ncha zinakunjamana. Katika ukoo huu wa ski, kila sentimita ya urefu ina kama gramu saba, kwa hiyo kupanda kutoka 170 hadi 178 hukugharimu gramu 55 hivi.

Weka ski chini na uitazame kwa ubavu. Katikati inapaswa kuinuka kidogo kutoka sakafuni. Upinde huo ndio unaosambaza uzito wako hadi ncha na mkia na kuupa ukingo shinikizo lote. Ncha iliyoinuka mapema husaidia kupita juu ya theluji iliyovunjika, lakini ikianza mapema mno, ski ya 170 huwa na ukingo unaoshika wa sentimita 130 tu. Kwa milima ya masika taka ncha iliyoinuka kiasi, upinde wa wazi chini ya kiatu, na mkia bapa. Mkia uliokunjwa juu haukai imara ukiuchomeka kwenye theluji, na kuna siku utahitaji ski hiyo iwe nanga ya kamba. Angalia pia kama mkia una pahali pa kukamata klipu ya ngozi. Mikia mingine ya mviringo huiachia klipu iteleze pembeni.

Kilichomo ndani

Hapa ndipo ski mbili za uzito mmoja huachana. Kiini cha ski nyingi nyepesi ni mbao ya paulownia, ambayo ni nyepesi sana na laini. Wengine huichanganya na popla au mti mgumu kama bichi chini ya kifungio. Juu na chini ya kiini kuna tabaka za faibaglasi au kaboni, na katika baadhi ya ski bamba jembamba la titanali, aloi ya alumini.

Kaboni ni ngumu kwa uzito mdogo, ndiyo maana ski nyepesi zimejaa kaboni. Kasoro yake ni kwamba haimezi mtetemo vizuri. Ski ya kaboni tupu kwenye theluji iliyoganda hurudisha kila tuta mguuni, na ukingo hugusa na kuachia mara nyingi kwa sekunde. Mtu huhisi kama ukingo ni butu, anaunoa, na tatizo linabaki. Faibaglasi huongeza gramu lakini hutuliza. Kipande cha titanali au utepe wa mpira juu ya kingo huongeza kama gramu 50 hadi 100 na hubadilisha kabisa tabia ya ski kwenye barafu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na ski nyepesi, gramu hizo ni ununuzi bora kuliko gramu zozote atakazozipunguza.

Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: kuna bamba la kuimarisha pale skrubu zinapoingia? Paulownia peke yake haishiki skrubu vizuri, na kifungio kikichomoka na mbao yake kwenye mita 3,800 hakuna fundi wa karibu. La pili: kuta za pembeni zimejengwaje? Ukuta wa plastiki ngumu ya ABS unaosimama wima hupeleka nguvu moja kwa moja kwenye ukingo na hustahimili mawe. Umbo la kifuniko, ambapo tabaka la juu hushuka hadi ukingoni, ni jepesi zaidi lakini likipigwa na jiwe hupasuka na kuingiza maji. Ski nyingi nzuri huweka ukuta chini ya kiatu na kifuniko kwenye ncha na mkia.

Vifungio

Kifungio cha pini kilibuniwa na Mwaustria Fritz Barthel katika miaka ya 1980, na hadi leo vifungio vyepesi vyote ni watoto wa wazo lake. Pini mbili za mbele hushika pua ya kiatu na kuwa bawaba wakati wa kupanda. Kisigino huachwa huru, kisha hufungwa kwa pini mbili za nyuma wakati wa kushuka.

Vya mashindano huwa gramu 100 hadi 200 na nguvu ya kuachia haibadilishiki, au hubadilishwa kwa kununua springi nyingine. Vya gramu 250 hadi 400 hukuruhusu kurekebisha nguvu ya kuachia, pembeni na juu. Chagua hivi. Goti lililochanika kwenye barafu ya kudumu ni jambo la helikopta, na gramu 100 ni bei ndogo. Vya gramu 500 na zaidi ni vya watu wa ukoo wa nne.

Breki huongeza gramu 60 hadi 100. Kamba ni nyepesi zaidi na inafaa juu ya nyufa za barafu, mahali ambapo ski iliyochomoka haionekani tena, ila ijaribiwe kama inakatika kwa nguvu kubwa, kwa sababu ski iliyofungwa mguuni humvuta mtu chini ya maporomoko. Kwa sababu hiyohiyo usishuke ukiwa umefunga loki ya mbele, ile ya kuzuia pini zisifunguke wakati wa kupanda, maana ikifungwa kifungio hakiachii pembeni inavyotakiwa.

Kosa la kawaida njiani ni barafu. Theluji hujibana chini ya springi za mbele, mikono ya pini haifungi hadi mwisho, na kiatu huchomoka kwenye kona ya pili. Beba kipande cha waya au ncha ya kisu, safisha chini ya springi kabla ya kuingia, kisha zungusha kiatu juu chini mara kadhaa ili pini zijisugue ndani ya vishimo.

Kutoboa na kufunga

Kazi hii mpe fundi mwenye kiolezo cha kifungio chako, lakini ijue ili umkague.

Fundi aanze na mstari wa mtengenezaji uliochorwa juu ya ski na aulinganishe na alama ya katikati ya soli ya kiatu. Kurudi nyuma sentimita moja huinua ncha kwenye unga. Zaidi ya hapo ski hukataa kuanza kona wakati wa kushuka.

Kipimo cha kekee huandikwa juu ya ski. Kwa kawaida ni milimita 3.5 au 3.6 kwa ski isiyo na chuma na 4.1 kwa yenye titanali, kina cha milimita 9. Ski za mashindano ni nyembamba na hutaka kina kifupi zaidi. Kekee lazima iwe na kizuizi cha kina. Bila hicho tundu hutokeza chini, au skrubu husukuma uvimbe kwenye sakafu ya ski, yaani uso wake wa chini, ambao hausawazishwi tena. Ndani ya tundu itiwe gundi, ya mbao au epoksi inayokauka taratibu, ili maji yasifike kwenye kiini. Skrubu zikazwe kwa mkono. Drili ya umeme husaga nyuzi za paulownia, na tundu lililosagwa huhisiwa siku skrubu inapozunguka bila kukaza.

Kipimo kinachosahaulika ni nafasi kati ya kisigino cha kiatu na mwili wa kifungio cha nyuma. Vingi hutaka milimita 4, vingine sufuri kwa sababu vina springi ya kusogea. Nafasi ikiwa ndogo kuliko iliyoelekezwa, ski ikikunjika shimoni kiatu husukumwa na kuvunja kifungio. Ikiwa kubwa, kiatu huchomoka. Nguvu ya kuachia iwekwe kwa jedwali la uzito, kimo, umri, urefu wa soli na aina ya mtelezaji. Usiongeze namba kwa sababu ulichomoka mara moja. Kwanza tafuta barafu kwenye pini.

Ukinunua ski iliyotumika, hesabu matundu ya zamani. Matundu mapya yakae angalau milimita 10 kutoka ya zamani, na ya zamani yazibwe kwa vizibo vya plastiki na gundi. Bana sakafu na uso wa juu kwa vidole kando ya ncha na mkia: tabaka zikiachana, usinunue. Pitisha kucha kwenye kingo ukitafuta nyufa. Ufa mwembamba wa ukingo unavumilika, ila ukingo uliotoka nje ya mstari hauvumiliki. Unganisha ski mbili sakafu kwa sakafu uone kama mapinde yanalingana.

Ngozi na visu vya barafu

Ngozi hununuliwa baada ya ski. Ya mohair, manyoya ya mbuzi wa Angora, huteleza vizuri na ni nyepesi, ya nailoni hushika zaidi na hudumu. Mchanganyiko wa karibu asilimia 70 mohair na 30 nailoni ndio chaguo la mtu wa jozi moja. Ikate ibaki milimita 2 ya ukingo wazi kila upande. Ukiifunika kingo, ski haishiki ukikata mteremko. Ukikata nyembamba mno, hurudi nyuma penye mwinuko.

Gundi huacha kushika kwa sababu tatu: theluji iliyonaswa kati, nta ya ziada kwenye sakafu ya ski, na baridi. Kwangua nta vizuri siku mbili kabla ya safari, futa sakafu kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika, na katikati ya mizunguko weka ngozi ndani ya koti. Kibandani zitundike mbali na jiko, kwa sababu joto huyeyusha gundi ikahamia kwenye manyoya. Beba mikanda miwili ya mpira ya kufungia ngozi iliyogoma.

Visu vya barafu, vile vya kubana chini ya kifungio ili ving'ate theluji ngumu, viwe vipana kuliko kiuno kwa milimita 2 hadi 5, na vijaribiwe nyumbani kama vinaingia kwenye kifungio chako. Kwenye Gran Paradiso alfajiri ya Aprili huwezi kuviacha.

Kabla ya kulipa, na baada ya siku ya kwanza

Kodi ski kwanza kabla ya kununua. Maduka ya Chamonix, Innsbruck na Courmayeur hukodisha ski za kupandia, na siku moja juu ya theluji ngumu hufundisha kuliko majedwali yote. Jaribu kuteleza ubavu kwenye mteremko ulioganda: ski nzuri hushuka kwa mstari, mbaya hurukaruka. Piga kona fupi kumi mfululizo ukiwa umechoka, na ukiwa na begi lako halisi. Halafu peleka mizani ya jikoni dukani. Uzito unaotangazwa ni wa urefu mmoja tu, na ski mbili za jozi moja kupishana kwa gramu 20 hadi 50 si ajabu.

Baada ya safari ya kwanza kausha ski, angalia kila skrubu kwa bisibisi ya mkono bila kuilazimisha, tazama kama kuna unyevu au kuvimba kwa rangi kuzunguka matundu, na pima tena nafasi ya kisigino. Kingo ziondolewe kutu kwa jiwe laini na kunolewa kwa nyuzi 88 ubavuni. Mikwaruzo ya sakafu isiyofika kwenye kiini inasubiri. Iliyofika kwenye mbao izibwe kwa plastiki ya moto kabla ya kugusa theluji tena.